Dakika Nne za Amani

Kwa miaka sita nilikuwa kibarua wa sauti. Jina hilo nimelibuni mwenyewe, maana kwenye karatasi za serikali kazi yangu haikuwa na jina. Kila mwanzo wa mwezi mkuu wa kituo alinipa barua ya kuniajiri kwa siku thelathini. Mwezi ukiwa na siku thelathini na moja, ile siku ya mwisho nilisoma habari kwa hisani yangu tu, kama mpita njia aliyekuta mlango wazi.

Kituo chenyewe cha redio kilikuwa nyumba ya mabati nje ya mji wa Isiolo, kando ya barabara ya kwenda Burat. Kuta za studio zilitundikwa mablanketi ya jeshi ili kusiwe na mwangwi, kwa hiyo wakati wa kiangazi mtangazaji alisoma habari huku anaiva. Mimi nilikuwa na dakika kumi za Kiborana kila siku saa kumi na moja jioni. Habari zilisomwa kwa simu kutoka Nairobi kwa Kiingereza, nami nikazinakili na kuzitafsiri mbiombio. Dakika ya kumi ikitimia, fundi wa mitambo aligeuza swichi na kuturudisha Nairobi, umemaliza hujamaliza. Yuko waziri wa nchi jirani aliyepanda ndege katika taarifa yangu moja, na kwa wasikilizaji wangu mpaka leo hajashuka.

Kila mtu pale alikuwa akijiandaa kwa siku redio itakapokufa. Mkuu wa kituo, bwana mmoja mnene kutoka milima ya Meru, alituambia karibu kila asubuhi kwamba televisheni inakuja na redio itabaki kuwa kitu cha wazee na wagonjwa. Televisheni yenyewe Isiolo nzima hakuna aliyekuwa ameiona zaidi ya watu wachache wenye jamaa Nairobi, lakini tuliiogopa kwa bidii. Mkuu alikuwa na shamba lake huko kwao. Fundi alinunua cherehani na kuiweka chumba cha jenereta, akawa anashona sare za shule kati ya taarifa na taarifa. Mimi sikuwa na shamba wala cherehani. Nilikuwa na sauti, na sauti haishoni suruali.

Aliyenisumbua zaidi ya televisheni ni baba. Alikuwa mfugaji upande wa Garbatulla, mtu wa maneno machache na yote ya kuudhi. Kwake, kazi ambayo serikali haijaiandika haikuwa kazi. Kila nilipokwenda nyumbani aliniuliza kama serikali imeniandika, nami nikamjibu bado. Hapo aliniuliza swali lake la pili, ambalo kwa miaka sita hakulibadilisha hata neno moja.

"Basi unachunga nini?"

Mwaka ninaousimulia alinipa muda. Masika yakinyesha kabla sijapata barua ya kudumu, nirudi nyumbani nichukue ng'ombe wangu, maana alikuwa amechoka kuchunga mifugo ya mtu mzima aliye hai. Nilikubali kwa kiburi. Ukweli ni kwamba niliipenda ile kazi kuliko nilivyopata kupenda kitu kingine chochote, na wazo la kuiacha lilinikosesha raha.

Kilichoniuma ni kwamba baba hakuwa akinisikiliza. Redio alikuwa nayo, nzuri, imevikwa mfuko wa ngozi. Lakini nikianza tu kusoma aliizima. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba mimi sina adabu, naingia nyumbani kwa watu nikiwa na maiti mkononi.

Ilinibidi nikiri kwamba ana haki. Kwetu habari haisemwi hivyo. Mtu akifika kutoka safari haropoki. Anaulizwa kwanza nagaa, yaani amani: watu ni amani, anajibu amani. Watoto ni amani. Ng'ombe ni amani, mbuzi ni amani, mvua ni amani, njia ni amani. Yote anajibu amani, hata kama alikotoka nyumba imeungua. Akishaketi na kunywa chai ndipo habari yenyewe hutoka, na ile mbaya hutoka mwisho kabisa, wakati msikilizaji ana kitu tumboni. Nairobi wao huanza na waliokufa, kisha wanaokaribia kufa, na mvua wanaiweka mwisho kama kwamba ni jambo la mzaha.

Basi siku moja, kabla ya taarifa, nilisema nagaa. Niliuliza amani ya watu, nikanyamaza kidogo wajibu, nikauliza ya mifugo na ya mvua, nikanyamaza tena. Ilichukua nusu dakika. Halafu nikazipanga habari za Nairobi upya, nzuri mbele na mbaya nyuma.

Kesho yake sokoni sikulipia chai. Wauza ng'ombe walinishika mkono na kusema sasa redio imepata mtu aliyelelewa. Salaam aleikum zilinifuata mpaka mlangoni kwangu. Na baada ya wiki moja baba alimtuma mtu kuniambia maneno mawili: amesikia amani. Mtu mzima mimi, nilijifungia chooni nikalia.

Ningeishia hapo ningekuwa na pensheni leo. Lakini sifa ikakosa kipimo. Watu wa Kipsing walitoa malalamiko kwamba hawakuulizwa amani yao. Nikawaongeza. Wa Burat wakasema wao ndio majirani wa kituo na hawatajwi. Nikawaongeza pia. Mzee mmoja mwenye ngamia alinisimamisha barabarani kunilaumu kwamba ngamia wanakuja baada ya mbuzi, na akataka kujua mbuzi amemzidi ngamia nini. Nikawapandisha ngamia. Visima vikaingia, punda wakaingia, wasafiri wakaingia, na kila swali lilihitaji kimya chake cha kujibiwa. Kufikia mwisho wa mwaka amani ilikuwa inakula dakika nne kamili, na dunia nzima, pamoja na vita vyake vyote, ikabaki na sita.

Mkuu wa kituo hakujua Kiborana hata cha kuombea maji. Alichojua ni kwamba barua za wasikilizaji zimejaa mezani kwake, na kwamba akipita sokoni anapewa nyama nzuri. Aliandika Nairobi kunisifu, akaomba nipewe barua ya kudumu. Nairobi wakajibu kwamba mkaguzi atakuja na barua, anisikilize, kisha anikabidhi. Nilihesabu siku. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kuonekana upande wa milimani, na mkaguzi alitarajiwa Jumatano. Kwa mara ya kwanza katika zile mbio baina yangu na mvua, mimi ndiye niliyekuwa mbele.

Alhamisi ya kabla yake likaletwa tangazo kutoka ofisi ya mifugo. Kulikuwa na ugonjwa wa ng'ombe, kwa hiyo kuanzia Jumatatu soko la Isiolo lingefungwa na hakuna mnyama ambaye angeruhusiwa kuingia mjini. Habari mbaya kuliko hiyo kwa watu wetu sijui ni ipi. Na kwa kuwa ilikuwa mbaya kuliko zote, mimi, mtu aliyelelewa, niliiweka mwisho.

Jioni hiyo niliuliza amani ya kila kiumbe. Nikasoma habari ya daraja jipya, ya mahindi, ya mkutano wa ng'ambo. Nikavuta pumzi, nikasema, "Na sasa, kuhusu soko la Isiolo," nikasikia swichi ikilia. Kwenye spika wakawa wanapiga tarumbeta Nairobi. Nilikimbia chumba cha mitambo kumsihi fundi anirudishie dakika moja. Alikuwa na pini mdomoni na kola ya shati mkononi. Akatingisha kichwa na kunionyesha saa ukutani.

Nikajipa moyo kwamba nitalisoma Ijumaa. Ijumaa jenereta likakosa dizeli. Jumamosi na Jumapili Nairobi walichukua mawimbi yote kwa ajili ya mpira. Jumatatu niliposoma, soko lilikuwa limeshafungwa, na wenye ng'ombe walikuwa njiani kwa siku ya tatu au ya nne.

Walianza kufika Jumatano asubuhi, siku ile ile ya mkaguzi. Askari waliwazuia nje ya mji, na kutoka kituoni tuliona vumbi na kusikia ng'ombe wenye kiu. Mkaguzi, kijana mwenye viatu vyepesi visivyofaa Isiolo, alipita katikati yao kwa gari. Alipofika alitaka kujua kwa nini tangazo la serikali halikuwafikia watu hawa. Mkuu wa kituo aliapa kwamba lilipokelewa Alhamisi na kukabidhiwa mimi. Kanda iliyorekodiwa Alhamisi ikatolewa, ikachezwa. Mkaguzi alisikiliza akitazama saa yake ya mkononi. Neno lile moja likapita na kurudi, nagaa, kimya, nagaa, kimya.

"Hii dakika nne yote unasema nini?" akaniuliza.

"Nawauliza amani, bwana."

"Na kwa nini unanyamaza nyamaza?"

"Wanajibu."

"Unawasikia?"

Nilisema hapana. Alimtazama mkuu wa kituo, naye mkuu akasema yeye aliambiwa huo ni utangulizi, na kwamba wasikilizaji wa huku wanapenda utangulizi mrefu. Mkaguzi alikuwa ameshaweka bahasha mezani. Niliona jina langu limepigwa taipu juu yake, jina lote kamili, na chini yake cheo, maana hatimaye nilikuwa nimepewa cheo. Aliichukua polepole akairudisha ndani ya mkoba. Badala yake aliomba karatasi, akaandika mistari mitatu kwa mkono, akanipa. Huduma zangu hazikuhitajika tena kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo serikali iliniandika mara moja maishani, na ni kunifukuza.

Nitasema wazi kwamba nilimchukia yule kijana, na kwamba alikuwa na haki. Ng'ombe walikuwa wamekonda njiani kwa ajili ya adabu yangu. Wengine walikufa wakirudishwa nyumbani. Kituo chenyewe kilifungwa muda mfupi baadaye, na studio ikawa ghala la mbolea. Mkuu alirudi shambani kwake. Fundi hakuwa na haja ya kujua redio imekufa, alikuwa na oda za sare mpaka Krismasi. Televisheni ilichelewa miaka mingi, tukawa tumeshaiua redio wenyewe kabla haijafika.

Siku hiyo lakini sikuwaza hayo. Nilitoka na ile karatasi mfukoni nikaenda kule kwenye vumbi, nikitafuta njia ya kuomba radhi kwa watu mia kadhaa. Mtu wa kwanza niliyemkuta ni baba.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe, madume wake sita wamelala nyuma yake, redio shingoni. Alikuwa ametembea nao kutoka Garbatulla. Hakuwa amenitumia habari kwamba anakuja. Midomo ilikuwa imempasuka kwa jua, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee, nikaingiwa na hofu. Hakusimama.

"Nagaa?" akaniuliza.

"Nagaa," nikamjibu.

Aliuliza watu wa mji, nikasema amani. Akauliza afya yangu, nyumba yangu, majirani. Yote amani. Nami nikamuuliza yake: mama, watoto, visima, njia. Akasema amani, na dume mmoja alikuwa anachechemea, mguu unatoka damu mbele ya macho yetu. Kisha akauliza lile ambalo hakuwa ameliuliza hata siku moja.

"Redio ni amani?"

"Redio ni amani," nikasema, na sauti yangu, mali yangu pekee, ikakatika.

Baba alifungua chupa yake ya chai ya safari, ya maziwa, iliyokuwa imepoa, akamimina kifuniko kimoja akanipa. Nilikunywa yote. Ndipo nikamweleza, kwa mpango, nzuri mbele na mbaya nyuma: kwamba barua iliandikwa na ina jina langu, kwamba soko limefungwa, kwamba tangazo nililipata Alhamisi na halikutoka kwa sababu niliwauliza punda hali, na kwamba nimefukuzwa. Nilipomaliza nilimuuliza, kwa unyonge, kama hiyo Jumatatu nilipolisoma hakunisikia njiani.

Alisema alinisikia. Alinisikiliza kila jioni. Ila mtu akishasikia kwamba amani imetimia, anazima, betri ni ghali. Ndivyo walivyofanya wote huko kwetu, mwaka mzima.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Mwaka mzima nilitafsiri dunia kwa watu wasiopata kusikia zaidi ya salamu zangu. Baba alichukua kifuniko mkononi mwangu, akakipangusa kwa shuka, akakirudisha kwenye chupa.

"Hii ndiyo habari yako ya kwanza niliyoisikia mpaka mwisho," akasema. "Umeisema vizuri."

Kisha akainuka, akanipa fimbo yake, na kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza kudondoka, tukawageuza madume.