Sakafu Iliyong'aa na Mikono ya Shamte

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kubadili mtandio. Nilikuwa nimetoka Mtunda alfajiri, nimejifukiza udi, nimejitanda mtandio mpya wa nailoni alioninunulia mama kwa ajili ya siku hiyo, na Mkuu wa Karakana akanisimamisha mlangoni kabla sijatia mguu ndani.

"Huo mtandio hauingii humu, binti."

"Shikamoo, mzee. Mtandio sivui," nikamjibu. Ukali niliuanza zamani.

"Marahaba. Nani kakwambia uvue? Nenda kavae wa pamba. Huo utaniulia bodi."

Nikaondoka nikijiuliza bodi ni nini, na mtandio unaiuaje. Sasa nimestaafu, nanyi vijana wa karakana mmenitaka niandike tulivyofanya kazi enzi zetu. Nawaambia mapema ili msije mkanilaumu: swali la kwanza nilipata jibu lake wiki ile ile. La pili nalifukuzia mpaka leo.

Bodi, kwa asiyejua, ni kile kibao cha kijani kilichomo ndani ya redio, ndani ya kidhibiti cha sola, ndani ya jokofu la chanjo, kimejaa vijidude vidogo kama mbegu za mchicha. Karakana yetu pale Kibiti ilitengeneza bodi za vifaa vilivyotoka kwenye zahanati za delta. Na adui wa bodi, tulivyofundishwa, ni umeme tuli. Huo hautiririki kwenye waya; hukaa tu juu ya kitu, juu ya nailoni, juu ya plastiki, juu ya mwili wako wewe, ukingoja pa kutokea. Ukigusa bodi unarukia huko. Wewe husikii kitu, lakini kijidude kimoja kimetobolewa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mkuu alipenda kusema, na hapo ndipo nilipoisikia methali ile ikisemwa bila fumbo lolote.

Dawa yake ilikuwa mkanda wa kufunga kifundo cha mkono, wenye waya uliokwenda mpaka kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa nje ya ukuta. Umeme wa mwilini ulishuka ardhini polepole. Polepole kwa sababu ndani ya waya mlikuwa na resista, yaani kizuizi kidogo, ili ukigusa umeme wa ukutani kwa bahati mbaya usikaangwe. Mkanda ule tuliuita bangili. Bodi zenyewe zilisafiri ndani ya mifuko ya kijivu inayong'aa, ambayo wenzetu wa mjini waliitamani wafungie zawadi.

Niliuliza, "Sasa mzee, huyo umeme tuli anaonekanaje?"

"Haonekani."

"Tunajuaje basi kama yupo?"

"Bodi ikifa, alikuwepo. Isipokufa, bangili imefanya kazi."

Nikaona hapa hakuna namna ya kumshinda huyu mzee. Nikavaa bangili.

Baadaye nilipangiwa Salale, kuzungukia zahanati kwa boti. Delta ni mahali pa ajabu kwa kazi yetu. Umeme tuli hupenda ukavu, na kule hakuna kitu kikavu. Shuka haikauki, chumvi ya mezani inaganda, mtandio hata wa nailoni unakulalia kichwani kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Lakini sheria ilikuwa sheria. Nakumbuka nikiwa Kiongoroni, jokofu la chanjo limekata, kina mama wamekaa barazani na watoto wao, nami nahangaika kutafuta mahali pa kuunganishia bangili yangu. Nyumba haikuwa na nondo ya ardhi. Mwishowe nikachomeka chuma kwenye matope nje ya dirisha, nikapitisha waya, nikajifunga.

Mganga wa zahanati, mtu mzima wa hapo hapo, aliufuata ule waya kwa macho mpaka dirishani.

"Mwanangu, mbona wajifunga kamba kama mbuzi wa akika?"

"Ndio utaratibu, mzee."

"Haya. Usile mboga zangu tu."

Bodi ile niliibadilisha kwa uangalifu wote, jokofu likaunguruma, wakashangilia. Haikupita miezi mingi ikafa. Nilipoifungua nikakuta miguu ya vijidude imeota ukungu wa kijani: chumvi ya bahari. Nikarudi Kibiti nimechanganyikiwa kweli kweli. Nilikuwa nimelinda mlango wa mbele kwa uaminifu, mwizi kapita uani.

Hapo ndipo naingia kwenye habari ya Shamte, ambayo ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu.

Niliporudi, Mkuu yule wa kwanza alikuwa ameshastaafu na wa pili ameingia. Huyu alikuja na mambo mapya. Chumba cha bodi kiliwekewa kiyoyozi, kikawa kikavu na baridi kama Makambako. Sakafu ikawekwa vigae laini vya kijivu vilivyochanganywa na kaboni, na chini yake ukanda wa shaba unaokwenda kwenye nondo ya nje. Tukapewa kandambili zenye soli ya kupitisha umeme. Mantiki yake ilikuwa kwamba anayekaa mezani ana bangili, lakini anayetembea na bodi mkononi hawezi kuburura waya chumba kizima, kwa hiyo sakafu yenyewe inakuwa bangili yake.

Na mtembeaji wetu alikuwa Shamte, mtoto wa Salale, mpole, mwenye mikono mirefu. Kazi yake ilikuwa kutoa bodi mpya stoo, kuzitoa kwenye mifuko, kuzikagua na kuzipeleka kila moja kwenye meza yake. Bodi zote zilipita mikononi mwake.

Zikaanza kufa. Tunaiweka mezani, tunaipima, imekufa. Nyingine inafanya kazi vizuri, inakwenda delta, inarudi baada ya wiki mbili tatu imezimika. Tulizipima bangili zetu, nzima. Tulipima nondo, nzima. Kila mwezi Mkuu mwenyewe alipima sakafu kwa vile vyuma viwili vizito vya kipimo, akaviweka kwenye kona ya chumba upande wa stoo, karibu na waya wa ardhi, na kila mwezi akainuka akisema, "Sakafu iko sawa. Hii ni mikono ya mtu."

Mikono ya mtu! Mmeshaona alivyowasha moto. Alikusudia uzembe, lakini Kibiti ukisema mikono ya mtu, husikiwi hivyo. Haikuchukua muda watu wakawa wanasema Shamte ana kitu mkononi. Kwamba akipanda mchicha haumei. Kwamba redio ya jirani yake ilizimika siku aliyoigusa. Lisemwalo lipo, wakasema. Mkuu akamwambia mbele yetu kwamba bodi zikiendelea kufa mpaka mwisho wa msimu wa kiangazi, nafasi ile atapewa mtu mwingine.

Kupoteza kazi ni jambo kubwa, lakini halikuwa hilo lililoniuma. Mke wake alijifungua mtoto wa kike katika kipindi kile kile, Zainabu. Nilikwenda kumpa hongera. Nikamkuta mzazi ana macho mekundu.

"Dada Mwanaidi, zungumza na mwenzio," akaniambia. "Hamshiki mtoto."

"Hamshiki vipi?"

"Hamshiki. Hata adhana hakumsomea. Kamwachia mjomba wangu amsomee sikioni, yeye kasimama mlangoni mikono kaificha nyuma."

Nikamfuata Shamte uani. Alikuwa amechuchumaa, anavitazama viganja vyake kama mtu anayesoma.

"Shamte, una wazimu? Mtoto si bodi."

"Mie sijui, dada. Wee wajua?" akasema. "Nimefanya kila kitu walichonifundisha. Navaa kandambili. Nashika pembeni. Zafa. Sasa kama si sakafu, na si bangili, na si nguo, kimebaki nini? Kimebaki mie."

Nilitaka kumjibu. Wallahi nilitaka. Lakini ningemwambia nini, mimi ambaye sijawahi kumwona huyo adui tangu niajiriwe? Kwamba hayupo? Basi bangili ya nini. Kwamba yupo? Basi yuko wapi, kama hayuko kwake. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Jibu, kama ni jibu, lilikuja kwa mwereka.

Tuliambiwa Mhandisi wa Kanda anakuja kukagua. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mkuu akaagiza chumba kiandaliwe, na Bi Somoe, mama aliyetufanyia usafi na ambaye hakuna aliyemzidi kwa kuipenda karakana ile, akafanya kama alivyofanya kabla ya kila mgeni, ila safari hii alizidisha. Sakafu iling'aa ukaona meno yako. Asubuhi Shamte akatoka stoo na trei ya bodi, hatua ya tatu miguu ikamtangulia, akaanguka chali, bodi zikatawanyika.

Hakuna aliyecheka. Nilikimbia kumwinua, nikapiga goti, nikaweka kiganja sakafuni. Kikateleza. Nikakinusa. Kilinuka mafuta ya taa.

Nyinyi wa vigae hamjui, lakini sisi tuliolelewa kwenye nyumba za saruji tunaijua harufu ile tangu utotoni. Mama zetu waliyeyusha mishumaa, wakachanganya na mafuta ya taa, wakapaka sakafu na kuisugua kwa kumbi la nazi mpaka ing'ae. Ndiyo heshima ya nyumba. Mgeni akikuta sakafu imefifia, amekuta mwenye nyumba kalala.

"Bi Somoe," nikaita, "sakafu umepaka nta?"

"Naipaka tangu ilipoletwa," akajibu kwa fahari. "Ilikuja imefubaa, masikini, kama majivu. Mkuu kaniambia ataka ajione uso."

Tukamgeukia Mkuu. Nta haipitishi umeme, hilo alilijua vizuri kuliko sisi sote. Akaenda mwenyewe kuchukua vyuma vya kipimo. Kwenye kona ya stoo, ambako rafu zilimzuia Bi Somoe kusugua, sakafu ilikuwa sawa kama siku zote. Katikati ya chumba, kwenye njia ya Shamte, sindano ya kipimo haikuonyesha njia yoyote ya kwenda ardhini. Miezi yote ile mtu yule alitembea juu ya nta, kwenye hewa kavu ya kiyoyozi, akijikusanyia umeme kila hatua na kuzipelekea bodi, naye amevaa kandambili alizopewa na kushika pembeni alivyofundishwa.

"Kumbe mimi ndiye niliyeiagiza," Mkuu akasema. Kisha akamwambia Shamte, "Nisamehe, bwana. Si mikono yako."

Bi Somoe alilia. Alidhani atafukuzwa, lakini hakufukuzwa. Tulishinda siku nzima sote magotini na maji ya moto na sabuni, Mkuu akiwemo, suruali kaikunja, tukiibandua nta mpaka vigae vikarudi kufubaa. Mhandisi wa Kanda alipoingia akasema sakafu yenu chafu. Tukasema ndiyo, mzee.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo hakuna bodi iliyokufa. Nyingi zilipona, huo ni ukweli. Lakini wiki iliyofuata moja ikafa mikononi mwa Shamte, kwenye sakafu safi, bangili nzima, kila kitu kizima. Mkuu akasema labda ilijeruhiwa kiwandani. Labda. Mimi niliona uso wa Shamte, na nikajua lile neno labda limemwingia na halitatoka.

Jioni ile nilipita kwake. Alikuwa uani amevua viatu, mikono yote miwili kaiweka kwenye tope la chini ya bomba, amekaa hivyo muda mrefu. Kisha akanawa, akajifuta, akaingia ndani. Nilipochungulia, alikuwa amempakata Zainabu. Alimsomea adhana upya, ingawa mjomba alishasoma. Sikumuuliza kama inafaa.

Nimestaafu karakana ikiwa na vipimo vinavyolia vyenyewe sakafu ikiharibika. Vijana huniuliza, Bi Mwanaidi, wewe uliwahi kuhakikisha bodi gani iliuawa na umeme tuli na ipi na chumvi, na ipi ilikufa tu? Siwezi kusema. Nimelinda kwa uaminifu kitu nisichokiona dhidi ya kitu nisichokiona, na wapo watoto Kiongoroni waliochanjwa kwa jokofu lililofanya kazi. Hapo ndipo ujuzi wangu unapoishia.

Mwezi uliopita Zainabu aliolewa. Sisi wanawake tulikuwa chumbani tunachungulia dirishani. Uani wanaume wamekaa kwenye mikeka ya plastiki, na sheikh akamwambia Shamte, walii wa binti, ampe bwana harusi mkono ili afungishe ndoa. Kijana akanyoosha mkono wake. Shamte hakuupokea. Aliinamia pembeni, akafunua ncha ya mkeka, akaweka kiganja chake kwenye udongo, akakiacha pale. Watu wakadhani anaomba dua, wakainamisha vichwa. Sheikh akamsubiri. Kisha Shamte akainuka, akaushika mkono wa mkwewe kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Nimekuoza binti yangu Zainabu."

Nami kule ndani nikagundua nimeshika nondo ya dirisha, tena kwa nguvu, na sikuiachia mpaka kijana alipojibu kwamba amekubali.