Mtaro Ulioishia kwa Mukiri

Mama yangu, Celina Karambu, alikuwa katibu wa mradi wa maji kwetu Muthara, na mwaka wa 1984 aliinyima nyumba yake mwenyewe bomba. Nilimkasirikia hadi nikaolewa.

Serikali ilitupa ruzuku ya mabomba. Kuchimba mtaro ilikuwa kazi yetu, kila boma kipande chake. Fundi alisema tuanzie juu kwenye chemchemi, tuteremke pamoja. Nani amsikie! Kila mtu alianza mbele ya lango lake, maji yasije yakamsahau. Aliyetii ni Mama peke yake. Alipanda na jembe hadi chemchemini, akachimba huko akiwanung'unikia wote.

Halafu akaja Bwana Munyi, afisa kutoka Embu, na habari mbaya. Ruzuku yetu ilitokana na dhamana, hati za mkopo ambazo serikali iliwauzia watu, na uuzaji huo ulikuwa umesimamishwa.

"Mkataba tutabadilisha," alisema. "Pale mmeshaanza kuchimba, tutamaliza. Pale hamjaanza, mngoje."

Alitembea mstari akiona vishimo, lango baada ya lango, akacheka hadi akavua kofia. Ukaidi wao ulikuwa umewaokoa. Langoni kwetu, mwisho wa mstari, ambako hakufika, nyasi zilikuwa zimesimama wima.

Jioni hiyo jirani yetu Mukiri alikuja na jembe begani.

"Mama Lenah, wacha nikuchimbie hata futi tatu tu. Munyi anarudi kesho kuchukua karatasi ya kuonyesha mtaro unaishia wapi. Nani atajua?"

"Si ni mimi naandika?" Mama akamjibu. "Mimi nitajua."

Nililia, nikamwita mjinga, mama yangu mzazi. Hakunipiga. Aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri kwamba mtaro unaishia kwa Mukiri.

Baadaye dhamana zilianza kuuzwa tena, lakini mkataba wetu hakuna aliyeufungua. Miaka tisa tulichota kwa Mukiri, Mama mbele na mtungi mgongoni, mimi nyuma nimenuna. Njiani alinisimulia ujana wake, kwaya, wanaume aliowakataa. Nyumbani hakuwa na nafasi ya maneno hayo. Kulikuwa na ng'ombe, mahindi, na makaratasi ya kamati.

Siku hizi nina mfereji jikoni kwangu, hapa Maua. Naufungua, ndoo inajaa kwa dakika moja, na sina wa kuzungumza naye.