Kondoo wa Ndambiri Alikunywa Pombe Wapi?

Babu yangu Idrisi alikuwa mwuza nyama mnono kuliko wote mjini Embu, na msimcheke, unene huo ulikuwa biashara. Siku hizo mteja alimtazama kwanza mwenye bucha, halafu nyama. Kila asubuhi nyanya Rahema alimkaangia kipande cha mkia wa kondoo, mafuta matupu, naye akakishushia kwa chai iliyojaa sukari. Kisha Waingereza wakatangaza Hali ya Hatari. Mtu hakuweza kwenda popote bila pasi, na babu, ambaye zamani alikwenda kwa miguu hadi Kiritiri kununua mbuzi, sasa alingoja waletwe na wengine. Akakaa kitini pake, akala.

Kufikia mwaka wa 1955 alikuwa anachoka kabla ya adhuhuri, na chini ya mbavu za kulia alihisi uzito, kama aliyemeza jiwe la kusagia. Akaenda hospitali. Daktari akambonyeza tumbo, akasema ini limevimba. Hapo ndipo Kathuri, msaidizi wa daktari, mtu mwema mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akamwuliza mbele ya foleni nzima:

"Mzee, wewe unakunywanga pombe kiasi gani?"

Mungu wangu! Kumwuliza hivyo Idrisi, ambaye msikiti mzima uliamini kisu chake! Babu alipandwa na hasira, akavaa kofia yake akatoka, wala hakusikia neno la daktari lililofuata. Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa na habari kwamba ini la Idrisi limeharibiwa na pombe ya muratina. Waumini wakaanza kununua nyama kwingine, maana nani ale alichochinja mlevi? Lakini kilichomuuma hasa ni Rahema. Hakumgombeza. Alimsogelea tu kila aliporudi, akanusa pumzi yake, na usiku akahamishia mkeka wake chumba cha mtoto.

"Wallahi sijaigusa," babu alimwambia.

"Basi ini limevimba kwa nini?" nyanya akauliza. Na hakurudi chumbani.

Ndipo Mzee Ndambiri alipomletea kondoo. Alikuwa kondoo wa kunoneshwa ndani ya nyumba, wa sherehe ya mahari ya bintiye, ila mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku na sherehe haikuwa na siku. Akaamua kumwuza. Mnyama alikuwa mnono hata kutembea kulimshinda. Babu akamchinja, akampasua, akafika kwenye ini, akasimama na kisu mkononi. Yeye alizoea ini jekundu lililokolea, lililoshikana, lenye kingo kali. Hili lilikuwa la manjano, limevimba kingo zikawa duara, na kisu kilitoka kinateleza mafuta.

Akauliza kondoo huyu alikuwa anakula nini. Ndambiri akajibu kwa majivuno:

"Hajatoka nje tangu mvua. Bibi yangu anamlishanga majani ya viazi na uji. Anakaa tu, anakula."

"Anakaa tu, anakula," babu akarudia polepole. "Na pombe?"

"Kondoo?" akasema Ndambiri.

Babu alitia ini kwenye sinia akatoka mbio. Alikimbia na unene wake wote, aproni imejaa damu! Langoni mwa hospitali askari akamwelekezea bunduki akitaka pasi, babu akamwonyesha ini. Sijui askari alielewa nini, lakini alimpisha.

Daktari alicheka kwanza, kisha akasema hayo ndiyo maneno aliyokuwa akimwambia siku ile alipotoka na hasira zake. Ini lake limejaa mafuta. Pombe huweza kuleta hayo, lakini mafuta, sukari na kukaa kitako huyaleta vilevile, hata kwa mtu ambaye hajaonja pombe maishani. Na ini likiwahiwa kabla halijawa gumu, hujirudi: apunguze mwili taratibu, aache mkia na sukari, atembee. Babu hakuomba dawa. Alimwomba Kathuri aje sokoni ayaseme hayo kwa sauti yake ileile.

Kathuri akaja, akayasema, na nadhani yalisikika hadi Gachoka. Nyanya alikuwa hapo. Alitazama lile ini la manjano, ambalo babu alirudi nalo kwenye sinia, akajiona yeye na kikaango chake.

"Kumbe ni mkono wangu," akasema.

"Hapana, mke wangu. Ni mdomo wangu."

Mkeka ulirudi usiku uleule. Kesho yake palikuwa na maharagwe ya kuchemsha na chai isiyo na sukari, na babu akaanza kusumbua ofisi mpaka akapewa pasi ya kufuata mbuzi Kiritiri kwa miguu. Kiti kikabaki kitupu. Waumini wakarudi, wakilalamika kwamba mwenye bucha amekonda.

Mwaka ulipokaribia kwisha, daktari alipapasa chini ya mbavu zake akitafuta ini, asilipate, maana uvimbe ulikuwa umekwisha. Kathuri akaitangazia foleni. Babu alipofika nyumbani kwa furaha, nyanya alimsogelea mlangoni kama zile siku mbaya, akanusa pumzi yake.

"Maharagwe," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.