Haluwa Alilala Nje

Mwanangu, niliwahi kuambiwa, nikiwa na miaka kumi na tisa na akili zangu timamu, kwamba mtoto wa mbwa akilazwa nje siku arubaini za baridi, asiguswe na moto wala nguo, basi akikua humnusa mwizi aliyeko kijiji cha Ghala naye mwenyewe kajilaza kijiji cha Hail. Na akiota moto hata mara moja, keshaharibika: hushika tabia za paka, habweki tena, hulia nyau. Siku ile naikumbuka vizuri. Nilisema "Subhanallah" mara tatu, nikaamini yote, nikaenda kumhadithia jirani kana kwamba nimeyaona kwa macho yangu. Na kwa kuwa mie kusimulia bila ya kuongeza ni kama kula wali bila ya chumvi, nilipofika kwa jirani yule mwizi alikuwa keshafika Nizwa, mbali zaidi.

Aliyenambia ni Khalfani, dereva wa Land Rover ya abiria, mwenzetu wa Unguja, mtu mwenye masharubu ya kuanikia nguo. Alitutangulia Oman kwa mwaka mmoja tu, lakini ukimsikiliza utadhani kazaliwa juu ya jabali. Wenyeji wana hesabu yao ya siku arubaini ambazo baridi hukaza, na sisi kwetu tunasema siku za mwizi ni arubaini. Khalfani akazikoroga hesabu mbili hizo katika chungu kimoja, nami nikanywa mpaka makombo. Si wazee wamesema lisemwalo lipo, kama halipo li njiani laja?

Mie nilitoka Unguja baada ya mwaka sitini na nne, nikapokelewa na Khalati Zamzam, dada yake mama, aliyekuwa kaolewa Hail tangu zamani. Usiitie akilini Hail ya leo, ya majumba na magari. Wakati ule ilikuwa mitende, mchanga, nyua za makuti na taa za mafuta. Mumewe alikuwa Kuwait kutafuta riziki, kama wanaume wengi wa siku zile. Nyumbani kabaki yeye, binti yake Thureya wa miaka saba, na mbuzi kumi na wawili ambao ndio maziwa yetu, ndio nyama yetu, ndio heshima yetu mbele ya majirani. Sasa mbweha wakaanza kutuchukulia watoto wa mbuzi. Wawili katika wiki moja. Khalati akanambia, "Sefu, baba, wewe ndiye mwanamume humu ndani. Tutafutie mbwa."

Nikenda kwa miguu mpaka Al Khoudh, kwa mchungaji mmoja mzee akiitwa Hamedi. Alimtoa mtoto wa mbwa chini ya tumbo la mama yake, wa wiki tano hivi, rangi ya haluwa iliyoiva sana, akanipa mikononi. Mama yake alitufuata hatua chache, akasimama, akatutazama.

Hapa ndipo palipo kosa langu la kwanza, mwanangu, na nnataka ulione. Sikumuuliza yule mzee neno. Anakula nini, analala wapi, sikuuliza. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani: naweza kukusomea juzuu nzima bila ya kukwama, lakini nikenda dukani kuomba chumvi watu hushika mbavu. Tangu waliponicheka siku moja pale sokoni, nikaona haya. Kila jambo la nchi ile nikawa nauliza Waswahili wenzangu, yaani wageni kama mie. Kipofu akimuuliza kipofu njia, wote wawili watajua wapi lilipo shimo, lakini watajua wakiwa ndani yake.

Nikampa jina la Askari. Thureya akamtazama mara moja tu, akasema, "Huyu Haluwa." Ukawa ugomvi wa kila siku. Mie nikiita "Askari!" mbwa hageuki. Mtoto akinong'ona "Haluwa," mbwa anakuja mbio mpaka anaanguka kifudifudi kwa kujikwaa na masikio yake. Wallahi yale masikio yangetosha mbwa watatu.

Mbwa haingii ndani, hilo kwetu halina mjadala. Lakini zizi la mbuzi lilikuwepo, lina paa, lina nyasi, lina joto la mbuzi kumi na wawili. Khalati akasema mlaze zizini. Nikakataa.

"Khalati, ukimtia kwenye joto unamharibu. Samaki mkunje angali mbichi."

"Mkunje," akasema, "lakini usimvunje. Huyo hata kunyonya hajaacha vizuri."

"Mbwa ni najisi, Khalati. Maziwa ya mbuzi je? Na malaika, si hawaingii penye mbwa?"

"Nani kakwambia malaika wanalala zizini?"

Akacheka, akaniachia. Alikuwa ameniita mwanamume wa nyumba mbele ya watu, na hakutaka kunivua cheo kile kwa sababu ya mbwa. Nami cheo kilinipanda kichwani. Tazama basi nilivyofanya: nikachukua methali ya wazee, nikachukua na dini ya Mwenyezi Mungu, zote mbili nikazivisha uvumi wa dereva. Nikamfunga Haluwa kwa kamba kwenye mtende, nje ya ua wa zizi, ili aanze arubaini yake.

Baridi ile usiidharau kwa kuwa leo unaiona kwenye gari lenye vioo. Ilishuka majabalini ikavuka mchanga, ikatukuta sisi watoto wa Unguja hatuna hata shati la mikono mirefu. Mie nililala na mashati manne na kilemba cha mume wa Khalati, na bado meno yalinigonga hata nikadhani kuna mtu anatwanga kahawa chumbani. Na mie ndiye niliyesema mbwa hahitaji gunia.

Siku ya nane, Thureya akanifuata alasiri, nnafuma kamba.

"Kaka Sefu, Haluwa anatetemeka."

"Hatetemeki. Ushujaa unamuingia."

Akafikiri. "Basi ushujaa unamuumiza."

Nikamwambia aende akacheze. Siku ya kumi nikamkuta kamviringisha Haluwa kwa kipande cha kanga, kipande alichokuwa akimfungia mtoto wake wa bandia. Nikamvua ile kanga, nikamrudishia mwenyewe mkononi, nikamhubiria. Nilizungumza sana, mwanangu. Nilimtaja mwizi wa Ghala, nikamtaja mbweha, nikamtaja mbwa mmoja wa Rustaq ambaye nilimtunga pale pale. Yeye alikuwa akimtazama Haluwa tu. Mwisho akasema, "Kaka, yeye hamjui huyo mwizi."

Magharibi ile upepo ukageuka, ukaja na mvua nyembamba ya kupenya. Nilimsikia Haluwa akilia kidogo, kisha nikamsikia kanyamaza, nikajisemea moyoni, keshazowea.

Alfajiri nilipotoka kutawadha nilimkuta. Kamba alikuwa kaivuta mpaka mwisho wake. Kajibana kwenye ua wa makuti, pua kaipenyeza kwenye upenyo, na upande wa pili, ndani, mbuzi mmoja mkubwa alikuwa kalala pale pale kaupa ua mgongo. Baina yao yalikuwa makuti tu. Nikamgusa. Alikuwa mgumu, na manyoya yake yameganda kwa maji.

Nilisimama na ndoo yangu. Sala ya alfajiri ikanipita.

Nilitaka kumzika kabla mtoto hajaamka, lakini watoto huamka siku unayotaka walale. Thureya alikuja peku, akachutama, akamfungua kamba kwanza. Hakulia. Ningependa alie. Akaniuliza, kwa adabu kama anavyoulizwa mwalimu, "Kaka, zimebaki siku ngapi?"

Khalati alitoka, akatutazama wote wawili, akaingia tena ndani. Angelinipiga ningelishukuru. Thureya alikwenda akaleta ile kanga niliyomvua jana yake, akamviringisha, akaifunga ncha yake kwa fundo dogo. Tukamzika kwenye mchanga nyuma ya mitende. Mtoto hakusema nami mpaka tende za mwaka ule zilipoanza kuiva. Alipoanza kusema, alisema vizuri, kwa heshima, lakini hakuniletea tena jambo lake dogo lolote: si mwiba wa mguuni, si ndoto mbaya. Leo ni bibi wa wajukuu, nyumba yake iko Al Khoudh, kila nikenda hunitilia kahawa kwa mkono wake. Yule mbwa hatujamtaja hata siku moja, na mie mtu wa maneno, mie niliyesoma darasa za jioni na ndevu zangu mpaka nikapata cheti, sijapata namna ya kuanza.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Jambo la kufuga muulize mfugaji, usimuulize msimulizi, hata kama msimulizi ni ndugu yako na anasema lugha yako. Usione haya ulimi wako ukikwama. Ulimi uliokwama hupona, lakini aliyekufa kwa ajili ya haya zako harudi. Ukipewa kiumbe mikononi, mtazame yeye kabla ya kutazama uliyoyasikia juu yake. Usiifanye dini kuwa mlango wa kumfungia mnyonge nje. Na mtoto akikwambia kitu kinaumia, acha kazi yako, nyanyuka, kaangalie. Majuto ni mjukuu, na wangu huyu amekuwa mtu mzima nami namlea bado.

Mola akupe moyo laini na mikono yenye joto. Akujaalie nyumba ambayo kila kilicho chini ya ulinzi wako kitalala usingizi. Amina.

Ngoja, nilitaka kusahau. Hukuniuliza ule uvumi ulikwishaje.

Wiki tatu baada ya kumzika Haluwa nilirudi Al Khoudh. Nilimkuta Mzee Hamedi anakamua mbuzi, na yule mbwa mama kalala karibu naye, juu ya gunia, hatua mbili kutoka motoni. Nilimweleza yote kwa Kiarabu changu kile kibovu, na arubaini, na mwizi wa Ghala, na nyau. Hakucheka hata mara moja. Alingoja nimalize.

"Nani kakwambia?"

"Khalfani, dereva."

"Kafuga mbwa?"

"Sijui."

"Kwa nini hukuniuliza mimi, siku ile umesimama hapa?"

Akaendelea kukamua, kisha akasema polepole, neno moja moja, ili nifahamu:

"Mbwa wangu wote wamekua karibu na moto, na wote wanabweka. Wako alikufa kwa baridi. Alikuwa mdogo, na alikuwa peke yake."