Bai ya Dirishani

Wiki jana nilirudi Kosele kumzika nyanya yetu. Ndugu yangu mdogo naye alikuja, na kutwa nzima akawa anagawa bai: bai kwa mchungaji, bai kwa wazee, bai kwa akina mama waliompikia. Rafiki yangu, hilo nalo ni neno la kuagana?

Nyanya ndiye aliyetulea, na kwake mgeni hakuondoka hivihivi. Tulibambua njugu mpaka vidole vikauma, akazikaanga, akazifunga kwa karatasi, na sisi tukabaki kumeza mate. Kisha yeye mwenyewe alibeba begi la mgeni, wakaenda polepole hadi barabarani, akisimama njiani kuulizia mvua na ng'ombe aliokwisha kuwaulizia. Begi hakuliachia kabla ya kusema, "Oriti." Ulindwe. Halafu alimwombea Mungu amfikishe mpaka mlangoni kwake.

Siku moja jirani yetu, mwalimu, alimweleza kwamba hata Waingereza wa zamani waliagana vivyo hivyo. Gudbai ilikuwa sentensi nzima, Mungu awe nawe. Wakaifupisha, wakaifupisha, hadi Mungu mwenyewe hasikiki tena. Nyanya alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwani walikuwa wanakimbilia wapi?" akauliza.

Na sisi, werevu kweli, tuliokota hayo makapi yao, tukaona bado ni marefu, tukayakata tena. Siku hizi mtu mzima mwenye suti anakurushia bai kama anafukuza kuku, na anajiona amesoma. Mxii!

Krismasi iliyopita ndugu yangu alikuja, akala samaki wa nyanya huku macho yakiwa kwenye simu. Alipoinuka kuondoka, nyanya alishika begi lake. Miguu yake ilikuwa imechoka, lakini alilishika. Ndugu yangu akalinyakua, akaingia kwa gari, akasema bai dirishani na kupandisha kioo. Nyanya aliyamaliza maneno yake yote amesimama kwenye vumbi la gari. Mimi nilikuwa kando yake, niliyasikia.

Sasa baada ya mazishi ndipo ananijia, macho mekundu, kuniuliza nyanya alitaka kumwambia nini siku ile. Nilimwangalia, nikamdharau kutoka moyoni.

"Bai," nikamwambia.

Akabeba begi lake hadi kwenye gari. Katika boma lile hakuna tena wa kumshikia.