Siku Tuliyotia Maji Chombo cha Serikali

Siku yangu ya kwanza kazini, Funguni, Unguja, Fundi Mkuu alinipa nyundo ya mbao akaniambia nisiitumie. Wiki nzima nilisokota pamba. Skuli nilikuwa nimeiacha mapema, na kazi nyengine tatu nimeshazikimbia, lakini hii ilinishika, maana nilitaka kujua vipi mbao zilizoungwa tu zinaizuia bahari. Jawabu ni kalafati: pamba iliyochovywa mafuta ya papa, ikashindiliwa kwa patasi butu katika kila mshono, baina ya ubao na ubao.

Vilikuwa vita vya Wazungu, na serikali ilikuwa imevishika vyombo vyote vya baharini. Hapana aliyeruhusiwa kuunda wala kutengeneza hata mashua bila ya kibali. Misumari, mbao na pamba vilitoka ghalani kwa kupimwa. Mwenye amri juu ya yote hayo tukimwita Bwana Msimamizi. Meli za chuma alizijua. Hivi vyombo vyetu alivigonga kwa kijinyundo, akasikiliza, akaandika.

Kimoja kilikuwa cha Nahodha Khamis, mtu wa Sur, Omani. Serikali ilikitaka upesi kikachukue mchele. Nyundo nimesharuhusiwa; pamba ikaniishia nimebakisha mshono mmoja, chini karibu na mkuku, ule uti wa chombo. Nikaivuta iliyobaki ikawa nyembamba, nikapaka mafuta juu, nikanyamaza. Bwana Msimamizi akagonga, akatia sahihi.

Asubuhi yake Fundi Mkuu akatuamrisha tutie maji. Ndio uliokuwa mtihani wetu: chombo kingali pwani pakavu, kinajazwa maji ndani, na mafundi wanasimama nje kutazama yanapochuruzika. Bwana Msimamizi akatukuta na madebe. Akadhani tunakiharibu makusudi kisisafiri.

"Nani kawaamrisha kukizamisha chombo cha serikali?"

"Kiko juu ya mchanga, bwana," Fundi Mkuu akajibu. "Kitazama wapi?"

Watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichomponza Fundi Mkuu. Bwana akamwita askari amchukue, akaamuru maji yatolewe na chombo kishushwe jioni ile ile. Nahodha Khamis alisimama pembeni na mabaharia wake wanane. Mimi nilijua kwamba maji yakitolewa, mshono wangu hautojulikana mpaka watu tisa wawe katikati ya bahari.

"Bwana," nikasema, nikaunyooshea kidole mshono, "waache watie. Yatatoka pale. Pale ni kazi yangu."

Akaniangalia, akamwangalia Fundi Mkuu, akamzuia askari kwa mkono. Tukamimina madebe mengine. Yakatoka pale pale, kwanza tone, kisha mchirizi. Bwana Msimamizi alichutama akautia kidole mshono alioupitisha mwenyewe. Askari akaondoka peke yake, na kesho yake tukaongezewa pamba.

Fundi Mkuu alininyang'anya nyundo, akanirudisha kusokota pamba miezi mitatu. Nahodha Khamis alinambia, "Mwanangu, ukifika Sur, uliza nyumba yangu."

Nilichelewa. Nilipita Mombasa, Basra na Kuwait, kila bandari nikikaa mpaka nijue wanavyokalafati, kisha naondoka. Nilipofika Sur, Nahodha alikuwa keshafariki, lakini wanawe walilijua jina langu. Wakanioza dada yao, nikafanya kazi kwao mpaka mikono ilipokataa.

Siku hizi wajukuu wananiuliza, "Babu, ulikuwa fundi hodari?" Nawaambia wapo wengi walionishinda. Lakini kila chombo kilipotiwa maji, sikungoja kuitwa. Nilikwenda nje, nikapiga magoti chini ya mshono wangu mwenyewe.