Pasaka Niliyolishwa Mahajanga

Kwetu Muheza, sisi Waanglikana, Mkristo asiyepokea Komunio siku ya Pasaka huitwa na padri ajieleze. Kwa hiyo tajiri wangu aliponipeleka Bukini, yaani Madagaska, mie seremala, nikamtengenezee milango ya maduka yake, sikuwaza chakula wala homa. Niliwaza hilo tu: Pasaka nitapokea wapi? Wabuki walikuwa wamepata uhuru juzijuzi, bendera mpya kila pembe, lakini hiyo habari nyingine.

Kwanza, kisiwani Nosy Be, nilikwenda kwa Wakatoliki. Misa yote Kilatini. Sielewi neno, ila najua tumefika wapi, maana kengele na kupiga magoti ni vilevile vya kwetu. Nikawa naitikia Kiswahili kimoyomoyo. Padri wao, Mfaransa, aliposikia mimi si wao akatikisa kichwa kwa upole. Kusali, karibu; kupokea, hapana.

Kazi ikahamia mji wa Mahajanga, Kwaresima imeshaingia. Nikapanga kwa bibi wa Kingazija, Mwislamu, tukielewana nusu kwa lugha yake nusu kwa yangu. Akaona nyama siigusi.

"Mfungo gani huu, mwanangu, na maji unakunywa?"

"Ndio wetu, bibi."

"Mwepesi!" Akacheka.

Asubuhi ya Pasaka nilikataa hata chai, maana kwetu Komunio hupokewa kabla ya kula chochote. "Haya," akasema, "leo ndiyo umefunga."

Nikaenda kwa Waprotestanti. Wanaimba hao, jamani! Lakini hakuna apigaye magoti. Nikamwuliza mzee wa kanisa kwa ishara kama naruhusiwa, akanionyesha benchi. Saa ya mkate nangoja watu waende mbele, hawaendi. Sahani ndiyo inawafuata, wao wamekaa kama karamuni. Mimi, mazoea, nikapiga magoti palepale kati ya mabenchi, macho nimefumba, mdomo wazi. Kwetu padri ndiye anayekutia mdomoni, mwingine haruhusiwi.

Nikangoja. Nikafungua jicho moja: mzee kasimama na sahani, hajui anifanye nini. Mama mmoja mtu mzima, jirani yangu wa benchi, akachukua kipande akanitia mdomoni kama anayemlisha mgonjwa.

"Mihinàna," akasema. Yaani kula.

Nikala.

Niliporudi kwetu, padri akauliza, kama nilivyojua.

"Pasaka ulipokea?"

"Nilipokea, Padri."

"Mkononi mwa nani?"

"Mwa mama mmoja. Jina sikumwuliza."

Akanitazama sana. "Ulikuwa umefunga?"

"Tangu usiku."

"Basi Askofu akija," akasema, "wewe kaa nyuma, unyamaze."